Ramani ya mwili ya dojo yetu: shajara ya chati ya pointi, Januari mpaka Aprili

Jumamosi 11 Januari

Leo tumeanza rasmi. Nimenunua marikani mita mbili na nusu hapa sokoni Tanga, ile ya upana mkubwa, nikaitandika kwenye sakafu ya dojo, ukumbi wetu wa karate, dogo mmoja wa mkanda wa kahawia akalala chali juu yake mikono imefunguka kidogo na viganja vinatazama juu, tukamzungushia penseli ya seremala mwili mzima. Akainuka, umbo likabaki. Wenzake wakakaa kimya kidogo wanaliangalia.

Kwa nini nafanya hii kazi. Mchana mimi ni mtu wa fiziotherapia, jioni nafanya karate, sasa hivi mwaka wa kumi na nne. Kila wiki dogo ananiletea video kwenye simu, mwalimu angalia hii pointi, ukimgusa mtu hapa anazimia, na mara nyingi sehemu yenyewe ni ile ile ambayo asubuhi yake nimetoka kumbonyeza mama mmoja ili maumivu ya bega yapungue. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nataka mwili mmoja mkubwa ukutani, kila pointi iandikwe chini yake kuna nini, neva gani, ateri gani, mfupa gani, ukibonyeza taratibu inakuwaje na ukipiga inakuwaje.

Nimepanga pointi 108, maana ndo idadi inayotajwa kwenye varma, elimu ya pointi za mwili ya Watamil kule kusini mwa India, 12 kubwa na 96 ndogo. Sensei, mwalimu wetu wa dojo, kaniuliza nani atazikumbuka zote. Sikumjibu, ila swali limebaki kichwani.

Jumapili 19 Januari

Wiki nzima imeharibika na nimefuta karibu kila nilichochora, kosa langu mwenyewe. Nilijipima mimi kwa rula. Mfano ile pointi ya Wachina ya chini ya goti, Zusanli, mimi kwangu inaangukia kama sentimita nane chini ya pia ya goti na pembeni kidogo ya muundi, nikaandika hivyo hivyo, sentimita 8. Alafu nikachukua penseli ya wanja nikawawekea alama watu tisa pale dojo. Kwa warefu ilikaa sawa, kwa binti wa miaka kumi ilishuka mpaka karibu nusu ya mguu, yaani hamna kitu.

Wachina walishalitatua hilo zamani sana, kipimo chao kinaitwa cun na hakina urefu maalum, upana wa dole gumba la mgonjwa mwenyewe ni cun moja, vidole vinne vikibanwa pamoja ni cun tatu. Zusanli iko cun tatu chini ya pia ya goti na upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi, kwa hiyo weka vidole vyake vinne, sio vyako. Nikirudia kwa yule binti kwa vidole vyake mwenyewe nikaangukia moja kwa moja kwenye nyama ya mbele ya mguu, ile inayoinua unyayo, nikamwambia nyanyua vidole vya mguu ikavimba chini ya gumba langu.

Jioni nikampigia bibi yangu Pangani, yeye kakanda watu maisha yake yote, wazazi, watoto, wavuvi waliovutwa na kamba. Nikamweleza. Akasema, "Mjukuu wangu, kwani wewe unamkanda mtu na rula? Wanda tunazo, shibiri tunayo." Na kweli tunazo. Wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho ukiwa umetanua kiganja. Kwa hiyo chati yetu itapimwa kwa wanda na shibiri za mwenye mwili. Zusanli itaandikwa: wanda nne chini ya pia ya goti, wanda moja nje ya muundi. Mtoto anaelewa hiyo.

Jumatano 29 Januari

Leo nilikuwa kwenye majina na nimefurahi sana. Nilidhani ntajaza chati majina ya Kilatini na Kijapani, kumbe mwili wa Kiswahili una majina mengi kuliko tunayotumia siku hizi, madogo wengi hawajui hata panja ni wapi. Panja, kisogo, utosi, koromeo, mtulinga, kwapa, kisugudi, kinena, muundi, kigimbi. Yote yameingia kwa herufi kubwa, ya Kijapani na Kichina yanafuata chini kwa herufi ndogo.

Nililokaa nalo zaidi ni chembe cha moyo. Ni hapo kwenye kibonde chini ya kidari mbavu zinapoachana. Kwenye karate wanapaita suigetsu na kila anayesimama mbele ya mwenzake anapataka. Nyuma ya tumbo, mbele ya ule mshipa mkubwa unaoshuka na uti wa mgongo, kuna fundo la neva za viungo vya ndani, na juu yake kuna kiwambo cha kupumulia. Ngumi ikiingia vizuri kiwambo kinakaza, mtu anafungua mdomo na hewa haiingii, macho yanamtoka, anaona anakufa. Hafi. Msogezeni akae au ajikunje, mlegezeeni mkanda, mwambieni apumue kidogo kidogo, ndani ya dakika moja au mbili kiwambo kinaachia. Asiyeachia, au anayeendelea kuumwa tumbo, huyo ni wa hospitali kwa sababu ini na bandama ziko hapo jirani.

Panja, pembeni ya kichwa kati ya jicho na sikio, ndo pale nilipoandika kwa wino mwekundu kabisa. Mfupa wa fuvu pale ni mwembamba na ndani yake inapita ateri iliyoshikana na mfupa wenyewe. Mfupa ukipasuka ateri inaweza kuchanika, damu ikajaa kati ya fuvu na utando wa ubongo. Na kinachotisha ni kwamba mtu anaweza akazimia, akazinduka, akaongea na kucheka na nyinyi, alafu masaa machache baadaye akaanza kutapika na kusinzia. Nimeandika chini ya panja: ALIYEPIGWA HAPA AKAZIMIA ASIACHWE ALALE PEKE YAKE, APELEKWE HOSPITALI HATA KAMA ANASEMA YUKO POA.

Jumamosi 8 Februari

Limeibuka tatizo la neno mshipa. Bibi akisema mshipa anaweza akamaanisha unaopitisha damu, anaweza akamaanisha neva, anaweza akamaanisha ile kamba ya nyuma ya kisigino, na mtaani mshipa ni ugonjwa kabisa. Kwenye maongezi haina shida, ila kwenye chati mtu anaweza akaumizwa. Kwa hiyo leo tumefanya darasa la vidole tu, hakuna ngumi. Ateri inapwita, ikandamize kidogo tu utaihesabu. Veni haipwiti, ukiibonyeza inalala. Kano ni ngumu kama kamba na inasogea kiungo kikisogea. Neva inateleza chini ya kidole kama uzi mnene na ukiikandamiza inapiga shoti au ganzi kwenda mbali na pale ulipoibonyeza. Kila mtu akatafuta zote nne kwenye mwili wake mwenyewe. Ikachukua saa moja na nusu na hakuna aliyelalamika.

Na hapo ndo nikaona kitu ambacho sasa kinaendesha mradi mzima. Tukapitia pointi moja moja tukiuliza kwa nini hapa na sio sentimita tano pembeni, na karibu kila mara jibu ni lile lile, kuna neva au ateri imepita juu ya mfupa na hapo haina nyama ya kuikinga. Kisugudi, yaani kiwiko, kwa ndani, neva ya ulna imelala kwenye mfereji nyuma ya nundu ya mfupa, ndo maana ukijigonga mezani kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vinapigwa umeme. Pembeni ya goti kwa nje, chini kidogo, kuna kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa mguu, na neva inakizunguka shingoni chini ya ngozi tu. Teke likitua pale mguu unalegea. Lakini mimi ile neva naijua zaidi kutoka kazini kuliko dojo, wanakuja watu waliofungwa hogo likabana pale pale, hogo linatolewa mfupa umepona ila unyayo hauinuki, mtu anatembea anauburuza, na inaweza kuchukua miezi kurudi. Nikiwaambia madogo hadithi ya hogo wanaelewa kuliko nikiwaambia teke, maana hogo halijampiga mtu, limekaa tu.

Pale kati ya gumba na kidole cha shahada, Hegu ya Wachina, tumepaweka kwa maumivu ya kichwa na meno. Nimeandika kwamba kwa mila ya Wachina wenyewe haibonyezwi kwa mjamzito, hiyo pamoja na ile ya juu ya kifundo cha mguu kwa ndani. Wahindi nao wana pointi pale pale, wanaiita kshipra, moja ya marma, pointi hatari za mwili, 107 alizohesabu Sushruta, tabibu wao wa kale, na kwao jeraha la pale linahesabika la kuua baadaye kwa mishtuko ya mwili. Mimi nikisoma mishtuko nafikiria pepopunda, kidonda cha mkono kilichoingia uchafu enzi hizo hakuna chanjo. Sehemu moja ya mwili, huku inatuliza meno kule inaogopwa, na wote walikuwa wanaangalia kitu cha kweli.

Idadi imeshuka. Kutoka 108 nimebakiza 44.

Jumamosi 22 Februari

Leo naandika kwa uzito. Chati ilikuwa bado iko sakafuni na shingo ilikuwa imeshachorwa, nilikuwa nimeweka alama mbili usawa wa ncha ya juu ya koromeo, kulia na kushoto, nikaandika jina bila maelezo nikisema ntamalizia kesho. Wakati nanawa mikono dogo wa miaka kumi na sita akamjaribu mwenzake, vidole pande zote mbili kwa pamoja. Nikasikia kishindo. Nimekuta mtoto yuko chini, mweupe midomoni, macho yamegeuka.

Tukamlaza chali, miguu juu ya kiti, nikaweka sikio mdomoni kwake, anapumua, mapigo yapo ila yanakwenda polepole mno. Haikufika nusu dakika akafungua macho akauliza nini kimetokea. Tulimpeleka zahanati na nikaenda mwenyewe kwa wazazi wake kuwaeleza, baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu mtoto wake ni huyo mmoja wa kiume. Sijalala vizuri.

Nimewaeleza wote kilichotokea, maana wakiachwa na hadithi ya uchawi watarudia. Pale ateri ya shingo inapogawanyika kuna kifuko kidogo kinachopima presha ya damu inayopanda kichwani. Ukikikandamiza, kinaripoti kwenye ubongo kwamba presha imezidi, ubongo unaamini, unapunguza mwendo wa moyo na kulegeza mishipa mwili mzima, presha inaanguka na mtu anaanguka nayo. Kwa kijana mzima mara nyingi anarudi. Kwa mtu mzima mwenye mafuta yameganda kwenye ateri, kipande kinaweza kumeguka kikapanda kichwani, hicho ni kiharusi. Kabali ya judo ni jambo lingine, ile inafunga ateri zenyewe na mtu anazimika ndani ya kama sekunde kumi, na ndo maana inafundishwa mkeka ukiwa na mwalimu na kila mtu akijua kugonga mkono ili aachiwe.

Maamuzi: alama za shingo nimezifuta na mahali pake nimepaka mkanda mwekundu kuzunguka shingo yote. Na kuanzia leo hakuna kinachochorwa kikaachwa bila maelezo hata kwa dakika tano.

Jumapili 9 Machi

Ramadhani, mazoezi yamehamia usiku baada ya tarawehe na hatuchezi kwa nguvu, kwa hiyo tunakaa na chati na chai. Jana yule dogo aliyembonyeza mwenzake kaniuliza kama ni dhambi mtu wa tiba kufundisha kupiga. Nikamsimulia habari za Kano Jigoro. Mwaka 1877, kijana mwembamba anayeonewa, anatafuta mwalimu wa jujutsu, mieleka ya zamani ya samurai, Tokyo na hawapati, maana baada ya samurai kuondolewa nafasi yao wale walimu walikosa wanafunzi. Basi akawa anazunguka kwenye vibao vya waunga mifupa, akiingia na kuuliza, kwa sababu aliambiwa wengi wao ndo walimu wa zamani wa jujutsu. Na ndivyo alivyompata Fukuda Hachinosuke, mwunga mifupa. Miaka mitano baadaye, 1882, Kano akafungua shule yake, Kodokan, na judo ikaanza. Mpaka leo Japani kuna watu wa judo wenye leseni ya kuunga mifupa na kutibu viungo vilivyoteguka. Kerala, kusini mwa India, nako ni hivyo hivyo, gurukkal, yaani mwalimu, anayekufundisha kalaripayattu, mapigano yao ya asili, ndiye anayekukanda mafuta ukiumia.

Dogo akauliza kama bibi yangu anajua kupiga. Hajui, ila anajua pote panapouma.

Jumanne 11 Machi

Nimekwama kwenye rangi. Mpango ulikuwa kijani kwa tiba, buluu kwa kujihami, nyekundu usiguse. Tatizo pointi moja inataka rangi mbili karibu kila mahali. Suluhisho lililopatikana ni duara mbili, ya ndani ndogo inaonyesha ukibonyeza taratibu, ya nje inaonyesha ukipiga. Chembe cha moyo ndani kijani nje nyekundu. Kisugudi ndani njano ya tahadhari, maana hata kubonyeza tu neva ya pale kwa muda mrefu haifai.

Kwenye kijani ilibidi nikae na nafsi yangu. Mimi natibu watu, siwezi kuandika inatibu kwa sababu tu inapendwa. Neiguan ya mkononi, wanda tatu juu ya mkunjo wa kiganja kati ya kano mbili, na neva ya kati imelala chini yake, hiyo kwa kichefuchefu cha baada ya opareshoni imepimwa mara nyingi na inasaidia, nimeiandika bila kusita. Maumivu ya mgongo ni habari nyingine. Wajerumani walitoa utafiti mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa mgongo wa muda mrefu. Waliochomwa sindano kwenye pointi halisi waliopata nafuu ni asilimia 47.6, waliochomwa juu juu mahali pasipo pointi asilimia 44.2, na waliopata matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Nimezisoma hizo namba mara nyingi. Sindano zilishinda matibabu ya kawaida, lakini mahali penyewe hapakuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo kwenye mgongo wa chati sitaweka vidoti vidogo vya kujifanya tunajua mpaka milimita, ntapaka maeneo, na ntaandika mkono wa mtu, joto, na muda wa kukaa na mgonjwa. Bibi anakanda mgongo mzima kwa mafuta ya nazi na hajawahi kuuliza pointi iko wapi.

Jumamosi 22 Machi

Kuna swali limeulizwa tena na tena tangu Januari, ile ngumi ya Wachina wanayoiita dim mak, kumgusa mtu akafa. Nilikuwa nalikwepa. Leo nimelijibu na nimeliandika pembeni ya moyo kwenye chati.

Kuna kitu kimoja cha kweli kinachofanana na hiyo hadithi, na hakihitaji siri yoyote. Mpira wa baseball, au kiwiko, au ngumi isiyo kali hata ya kuvunja ubavu, ikitua juu ya moyo ndani ya kipande kidogo sana cha kila pigo, kama sehemu mbili za mia za sekunde, moyo unaacha kupiga unaanza kutetemeka. Mtu anachukua hatua moja mbili anaanguka. Wengi waliopata hili ni watoto na vijana kwa sababu kifua chao bado ni laini. Hakuna bingwa duniani anayeweza kuilenga hiyo nafasi, inatokea tu. Kinachomrudisha ni mikono, kubana katikati ya kidari mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, bila kusimama, huku mtu mwingine anatafuta usafiri na mashine ya kushtua moyo kama ipo popote karibu.

Kwa hiyo nusu ya darasa ya leo hatukugusa karate. Tumebana mito na magunia ya mchanga tukihesabu kwa sauti. Yule baba wa mtoto aliyezimia Februari alikuja kuangalia, akavua viatu, akabana na yeye.

Jumamosi 5 Aprili

Idi imepita, tumerudi kwenye muda wetu, na upande wa mbele umekamilika. Pointi 31. Marikani tumeipiga pindo, mti wa juu na wa chini, inaning'inia ukuta wa kulia ukiingia.

Mtihani tumeufanya kwa namna niliyoiazima kwa Wang Weiyi. Huyu alikuwa tabibu wa Wachina wakati wa enzi ya Song, mwaka 1027 alisimamia kusubu sanamu mbili za shaba za ukubwa wa mtu, zenye matundu kwenye kila pointi, majina 354. Inasimuliwa kwamba wakati wa mtihani sanamu inapakwa nta matundu yasionekane, ndani inajazwa maji, mwanafunzi anachoma sindano, akipatia maji yanatoka. Sisi shaba hatuna. Tumefunika chati kwa kanga, kila mtu akapewa mwenzake na pointi sita, anatafuta kwa kidole juu ya nguo ya mazoezi, na mwili wenyewe ndo unajibu. Mapigo yapwite, au unyayo unyanyuke, au ganzi ifike kidole inapotakiwa kufika. Mwenye mwili ndiye anayesema ndio au hapana, na akisema basi mkono unatoka hapo hapo.

Wa mwisho alikuwa yule dogo wa shingo. Mwenzake aliyepangiwa ni yule yule aliyezimia, waliomba wenyewe. Alimshika mkono kama ameshika yai, akatafuta kisugudi, akapita mara mbili, akasimama, akabonyeza kidogo tu. Mwenzake akasema kidole cha mwisho. Akatoa mkono wake haraka akauliza inauma? Akaambiwa hapana, endelea.

Kazi zilizobaki: upande wa mgongo, marikani nyingine nimeshanunua. Chati ya mwili wa mwanamke, mabinti wawili wa mkanda wa kijani wameomba waichore wenyewe na bibi anakuja kutoka Pangani kuwasaidia sehemu ya nyonga na uzazi, nauli yake nimeshatuma. Na mkanda mwekundu wa shingo umeanza kupauka sababu ya jua la dirishani, Jumatatu naurudia.